Mdogo wangu ana lupasi: mbona mfamasia anamhoji hivyo?

Swali, kwa ufupi, limetoka kwa msomaji wa Langoni, Lamu:

"Mdogo wangu wa kike ana miaka 24. Alitibiwa malaria na taifodi kwa muda mrefu, hadi Mombasa wakamgundua ana lupasi, ugonjwa wa kinga ya mwili. Vidole na magoti humvimba, na nywele zinamtoka. Ameandikiwa prednisoloni, haidroksiklorokwini, methotreksati na foliki asidi. Tulipokwenda hospitali ya hapa kuchukua dawa za mwezi wa pili, mfamasia alituweka dirishani karibu saa nzima. Alimpima uzito, akamuuliza hedhi yake ya mwisho mbele ya mama, akataka tumwage mkoba wote mezani. Aliiondoa Septrin tuliyonunua kwenye kemisti kwa maumivu ya mkojo, akampigia simu daktari wa Mombasa. Mwishowe alitupa methotreksati ya wiki 4 tu, nyingine hadi aone majibu ya damu. Mama amekasirika, anasema kazi ya mtu wa dirishani ni kutoa dawa. Je, ana haki hiyo? Na Ramadhani ataweza kufunga? Watu wanatuambia pia kwamba hiyo dawa yenyewe ni ya malaria. Tukiagiza dawa Mombasa kwa basi ni sawa?"

Jibu:

Dada, msalimie mama, na umwambie hasira yake naielewa. Mimi ni mfamasia wa hospitali huku Malindi, na hasira kama hiyo naiona kwenye foleni mara kwa mara. Watu wamechoka, watoto wanalia, matatu ya Gongoni inajaa nje, na mimi bado nauliza maswali. Lakini kwa hayo uliyoeleza, mwenzangu huyo alifanya kazi yake, na sehemu moja ya kazi hiyo huenda imemwepusha mdogo wako na kitanda cha wodi. Nianze na hiyo.

Septrin ni dawa ya kuua vijidudu, ya kawaida sana, kila kemisti inayo, na mtu akilalamika mkojo unamchoma ni rahisi kupewa. Tatizo ni methotreksati. Dawa hii inauzuia mwili kuitumia foleti, vitamini ambayo uboho wa mifupa unaihitaji kutengeneza chembe za damu. Ndani ya Septrin mna trimethoprimu, nayo inaziba njia ileile. Juu ya hapo, Septrin huzichelewesha figo kuitoa methotreksati mwilini. Zikikutana, uboho unaweza kusimama kutengeneza damu. Mgonjwa huanza na vidonda mdomoni, kisha homa, michubuko bila kugongwa, fizi kuvuja damu. Huweza kutokea ndani ya siku chache, na watu wamekufa kwa mchanganyiko huu. Kwa mwenye lupasi kuna sababu ya pili ya kuikwepa: dawa za salfa, na Septrin ni mojawapo, huwaletea mzio kuliko watu wengine na zinaweza kuuamsha ugonjwa uliokuwa umetulia. Fansidar ya malaria, ambayo bado wapo wanaoiulizia kwenye kemisti homa ikiwashika, imo katika ukoo huohuo, kwa hivyo nayo asiiguse.

Msimlaumu mwenye kemisti. Yeye alimwona msichana mwenye maumivu ya mkojo, na hakuna aliyemtajia methotreksati. Daktari wa Mombasa naye aliuona ugonjwa na kuandika dawa zake, lakini kilichonunuliwa Lamu baada ya hapo hakukijua. Mtu pekee aliyeziona dawa zote zimelala kwenye meza moja ni yule wa dirishani, na hiyo ndiyo kazi yake hasa. Kuhesabu tembe na kuzitia kwenye bahasha ni sehemu ndogo tu, ile mnayoiona.

Katika magonjwa ya aina hii kazi hiyo ina uzito zaidi kuliko kwa malaria au kikohozi. Lupasi, baridi yabisi ya viungo, na mengine ya ukoo huo, yote yana asili moja: kinga ya mwili imemgeukia mwenyewe. Dawa zake huituliza kinga, na hutumiwa kwa miaka. Katika miaka hiyo mgonjwa atapata mafua, atang'olewa jino, ataolewa, atafunga Ramadhani, atakwenda Hija. Kila jambo katika hayo lina dawa yake au sharti lake, na lazima awepo mtu wa kulipima pamoja na zile za kila siku. Na mfamasia hakubadilisha dozi kwa uamuzi wake. Alimpigia simu aliyeiandika, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Sasa methotreksati yenyewe, maana hapa ndipo ningependa nyumba nzima isikilize, hata wadogo. Dawa hii kwa viungo na lupasi humezwa mara moja kwa wiki. Si mara moja kwa siku. Kosa la kuimeza kila siku limetokea nchi nyingi na limeua watu, na mara nyingi halikutokana na ujinga. Mtu amezoea kwamba tembe ni za kila siku, au jamaa aliyekuja kumuuguza ndiye anayempa. Chagueni siku moja na muiandike kwa kalamu nene juu ya pakiti. Huku kwetu mimi hupendekeza Ijumaa, kwa sababu hakuna nyumba inayoisahau Ijumaa. Foliki asidi, yaani ile foleti kwa umbo la tembe, basi aimeze siku nyingine, kama daktari alivyoandika. Wengi huimeza mara moja kwa wiki, wengine siku zaidi, ila si ile siku ya methotreksati.

Na hesabuni. Methotreksati huja katika tembe za miligramu 2.5 na za miligramu 10, na baadhi ya watengenezaji huzifanya zote mbili ziwe ndogo na za manjano. Mgonjwa wa miligramu 15 amezoea kumeza tembe 6 za 2.5. Siku moja anapewa za 10, hasomi pakiti, anameza 6 kama kawaida: hiyo ni miligramu 60. Mimi nikitoa dawa hii humwomba mgonjwa azimwage kwenye kiganja zile za Ijumaa moja, anihesabie kwa sauti. Wengine huona nawafanya watoto. Sawa tu.

Kwenye foliki asidi pia pana mtego. Ile ya kumlinda anayetumia methotreksati kwa kawaida ni tembe ya miligramu 5. Zile wanazopewa wajawazito kliniki, zilizochanganywa na madini ya chuma, zina mikrogramu 400 tu za foliki. Hiyo ni sehemu ndogo sana ya dozi yake, basi asiazime za shangazi mjamzito akadhani ni kitu kimoja.

Kupewa za wiki 4 pekee si kunyimwa. Methotreksati inaweza kugusa ini, figo na damu bila mtu kuhisi lolote. Kwa hivyo mwanzoni damu hupimwa kila wiki mbili hivi, kisha kila mwezi, na hali ikitulia kila miezi 3. Mfamasia akitoa za miezi 6 kwa mkupuo, mgonjwa wa Faza au Kiunga hatarudi kupima, na sababu zake zinajulikana: mashua, nauli, siku nzima ya kazi imepotea. Dawa inafuata majibu. Mnachoweza kumwomba, na ni haki yenu kukiomba, ni vipimo na dawa vipangwe siku moja ili asafiri mara moja.

Nije kwenye hedhi, ambako nadhani ndiko hasira ya mama ilikozaliwa. Methotreksati huharibu mimba na huweza kumlemaza mtoto tumboni. Kwa hivyo kila msichana na mwanamke aliye katika umri wa kuzaa anaulizwa, awe ameolewa au hajaolewa, binti wa sheikh au wa nani. Swali haligusi heshima yake. Lakini mahali pa kuliulizia ni jambo jingine, na hapo mama ana hoja. Mbele ya foleni, tena na mwanamume, mbele ya mzazi, msichana wa Lamu atajibu nini zaidi ya kuinamisha macho? Jibu la namna hiyo halimsaidii hata mfamasia. Mwombeni chumba cha kando, au mhudumu wa kike. Akikosekana, mdogo wako aandike tarehe kwenye karatasi aisogeze dirishani. Na mama akubali kukaa kwenye benchi la nje dakika kumi. Nasema hivi kwa adabu, lakini nasema.

Kama kuna posa nyumbani, basi mfamasia na daktari wajue kabla ya harusi kupangwa, wala msingoje fungate. Methotreksati huachwa kabla ya kutafuta mimba, na madaktari wengi hutaka ipite miezi 3. Katika muda huo ugonjwa lazima ushikiliwe na dawa nyingine inayofaa kwa mjamzito, kama azathiopurini. Haidroksiklorokwini yeye ataendelea nayo hata akibeba mimba, kwa sababu kuiacha ndiko kunakoleta hatari zaidi. Wapo wanawake wenye lupasi waliozaa salama, ugonjwa ukiwa umetulia miezi 6 au zaidi kabla ya mimba. Na akitaka uzazi wa mpango, aulize kwanza: vidonge vyenye estrojeni havimfai kila mwenye lupasi, hasa wale ambao damu yao huganda kwa urahisi.

Wanaowaambia kwamba haidroksiklorokwini ni dawa ya malaria wana nusu ya ukweli. Ni ndugu wa klorokwini, ambayo Kenya iliacha kuitegemea kwa malaria mwaka 1998 kwa sababu vimelea vilikuwa vimeshaizoea. Kwa malaria ya Pwani haimkingi, basi chandarua kibaki palepale. Kwa lupasi, hata hivyo, ndiyo nguzo: hupunguza kuchachamaa kwa ugonjwa na kuzilinda figo. Ila haina haraka. Huchukua miezi 2 au 3 kabla ya kuonyesha kazi, na wengi huiacha katika mwezi wa kwanza wakisema haifanyi kitu. Mwaka 2020, dunia ilipoikimbilia kwa ajili ya korona, Marekani iliiruhusu kwa dharura mwezi Machi na kuufuta uamuzi huo mwezi Juni, baada ya kuonekana haisaidii. Katikati ya hapo wagonjwa wa lupasi katika nchi kadhaa walizunguka madukani bila kuipata. Kuwatafutia wagonjwa hawa dawa kabla haijaisha ghalani nako ni kazi ya mfamasia wa hospitali, na ndiyo inayotunyima usingizi.

Haidroksiklorokwini ndiyo dawa iliyofanya apimwe uzito. Kiwango kinachokubalika hakipiti miligramu 5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kwa sababu ikizidi kwa miaka huharibu sehemu ya nyuma ya jicho. Mtu wa kilo 60 asipite miligramu 300, na kwa vile tembe zake ni za 200, huambiwa leo moja, kesho mbili. Ikionekana kama mfamasia amechanganyikiwa, hajachanganyikiwa. Macho yapimwe mwanzoni, halafu kila mwaka baada ya miaka 5, au mapema zaidi kama figo zina shida.

Akipata homa, msiseme "ni malaria tu". Mtu ambaye kinga yake imetulizwa anaweza kuwa na malaria, maambukizi ya mapafu, au kifua kikuu, na homa isiwe kali kwa sababu prednisoloni imeifunika. Apelekwe siku hiyohiyo apimwe. Ikithibitika ni malaria, atibiwe bila kuchelewa, lakini aseme anatumia haidroksiklorokwini, kwa maana dawa mseto za malaria nazo hugusa mapigo ya moyo na mhudumu anafaa kujua. Methotreksati ya wiki hiyo aulize kabla ya kuimeza.

Prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, wengi mnaijua. Asubuhi, baada ya kula. Ikishatumika zaidi ya wiki 3 isikatwe ghafla, kwa kuwa mwili umeacha kujitengenezea homoni yake na mgonjwa anaweza kuzimia, shinikizo la damu likashuka. Kwa watu wa visiwani hili lina maana ya ziada. Kusi likichafua bahari na mashua zisisafiri, tembe zikiisha hakuna mbadala dukani. Mwombeni mfamasia akiba ya wiki mbili ya dawa hii, na mumweleze sababu.

Kisha kuna uso. Prednisoloni huuvimbisha uso na kuongeza hamu ya kula, na kwenye harusi shangazi watasema, "Mashaallah, umenawiri." Wasichana wengine hurudi nyumbani wakaanza kuruka tembe kimyakimya. Mdogo wako akifika hapo, amwambie mfamasia waziwazi. Dozi inaweza kushushwa hatua kwa hatua na daktari, na uso hurudi. Akiwa anatembea peku mchangani, aulize pia juu ya minyoo kabla dozi haijapandishwa. Kuna aina moja ya minyoo inayoingilia nyayoni na kukaa kimya miaka mingi, halafu prednisoloni ikiilegeza kinga husambaa mwili mzima. Dawa yake ipo, ivamektini, na ni nafuu kuimeza mapema.

Mkoba uliomwagwa mezani, mara nyingine tunachokiona humo si cha kemisti. Ni unga. Unga wa viungo usio na jina, umefungwa kwenye karatasi ya nailoni, na sifa yake ni kwamba maumivu huisha usiku huohuo. Mimi unga ukiponya viungo kwa usiku mmoja naushuku. Duniani kote wakaguzi wamekuta deksamethasoni, ndugu wa prednisoloni, au diklofenaki ya maumivu zimefichwa ndani ya "dawa za asili" za namna hiyo, na mtu anayetumia prednisoloni anakuwa anazitumia mbili bila kujua. Krimu za kung'arisha uso zinazopakwa kuficha vipele vya lupasi ni hadithi hiyohiyo. Dawa za "kuongeza kinga" zinazouzwa kwa mtandao wa marafiki nazo hazina kazi hapa: ugonjwa wake hautokani na kinga kupungua, bali na kinga iliyokosa adabu. Habbasoda kidogo kwenye mkate haina neno. Kombe, yale maji ya aya za Qurani, sina ugomvi nalo, mradi maji ni salama na tembe zinaendelea. Semeni tu. Mfamasia anayewacheka kwa hayo ndiye mwenye kasoro.

Jua la huku pia ni dawa mbaya kwake. Mionzi huuamsha ugonjwa, na kwenye mashua maji huirudisha usoni hata kama kuna turubai juu. Buibui linamsaidia mwili, uso ndio unaobaki. Mtandio mzito, kofia ya ukili, na losheni ya kukinga jua ya nguvu 30 au zaidi kama mfuko unaruhusu.

Ramadhani. Kama figo zake ni nzima na ugonjwa umetulia, wagonjwa wengi wa namna yake hufunga. Prednisoloni ya mara moja kwa siku anaimeza na daku. Haidroksiklorokwini na chakula cha futari au daku, saa isiyobadilika. Methotreksati usiku mmoja wa wiki, baada ya kufuturu, na maji mengi hadi alfajiri. Asimeze diklofenaki wala Brufen akiwa na kiu ya mchana kutwa, figo haziwezi kubeba yote hayo. Lakini kama lupasi imegusa figo, au dozi ya prednisoloni ni kubwa, au ugonjwa umechachamaa, asifunge kabla daktari hajasema. Qurani imempa mgonjwa ruhusa, katika Al-Baqara aya ya 184 na 185. Mwezi wa Shaaban ukiwa katikati, aende kwa mfamasia, wakae waandike saa mpya za dawa. Akienda siku ya mwandamo atakuta foleni.

Kuhusu kuagiza Mombasa, inawezekana, na wakati mwingine hapana njia nyingine. Nunueni kwenye duka lililosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, na mwenye duka awatumie picha ya pakiti kwa WhatsApp kabla ya kulipa. Mtazame jina, nguvu kwa miligramu na tarehe ya kuisha, kisha picha hiyo mmwonyeshe mfamasia wenu wa Lamu. Kifurushi kisiwekwe mbele ya dereva kwenye kioo, ambako jua linachoma kutoka Mombasa hadi Mokowe. Tembe zake hizi hazihitaji friji, mahali pakavu penye kivuli panatosha. Ikitokea siku moja akahamishiwa sindano za kibayolojia, zile zinazotengenezwa kwa chembe hai, atapimwa kifua kikuu na homa ya ini aina ya B kabla ya ya kwanza, na hizo ni za nyuzi 2 hadi 8, kwenye kisanduku cha baridi. Watu wa bahari barafu ya samaki mnayo tele. Ila sindano isilalie barafu yenyewe, izungushiwe kitambaa, maana ikiganda imeharibika hata kama baadaye inaonekana nzima. Mfamasia ataikataa, na safari hii mama asimgombe.